Breki Inayojua Kuachia

Kusi likishashika, boti za uvuvi wa michezo za Malindi na Watamu hupandishwa nchi kavu. Bahari ya miezi hiyo haina mzaha: mawimbi yanavunjika kwenye mwamba usiku na mchana, na mto Sabaki, uliofura kwa mvua za bara, unamwaga udongo wake mwekundu hadi mbali nje ya ufuo. Wageni wamekwisha kwenda zao. Mafundi wa fibaglasi wanakwangua matumbo ya boti, wa injini wanashusha injini, na rili, zile mashine ndogo za kukunjia mshipi, hutiwa kwenye magunia na kupelekwa kwa fundi wake. Kila moja imebandikwa utepe wenye jina la boti yake.

Fundi huyo ana chumba kimoja cha kazi nyuma ya nyumba anayoishi, Malindi mjini. Watu wote wanamwita Fundi tu, nami nitamwita hivyo hivyo. Dirisha la chumba linatazama kusini, na aliliweka huko kwa makusudi: miezi ya kusi jua hupita upande wa kaskazini, kwa hiyo meza yake hupata mwanga mchana kutwa bila kupigwa na jua lenyewe. Juu ya meza kuna jiliwa dogo lililovalishwa ngozi mashavuni, safu ya bisibisi, tupa nyembamba, miswaki ya meno iliyochakaa, wembe, kopo la mafuta ya taa, chupa ya siki, na bomba la sindano lililojazwa mafuta mepesi ya mashine. Mbele ya kiti chake kumetandikwa shuka nyeupe iliyokunjwa mara mbili. Shuka inazuia vipande vidogo visibingirike, na weupe wake unavionyesha.

Rili ya leo ni Penn Senator 6/0, namba 114. Ni nzito, kilo moja hivi ya shaba ya manjano iliyopakwa kromu, na ubavuni ina mabamba mawili meusi ya bakelaiti. Fundi haifungui bado. Anaipakata, anasukuma wenzo mdogo ulio upande wa kulia ili spuli iachane na gia, kisha anaizungusha spuli kwa kidole gumba na kuinamisha sikio. Spuli yenye afya huzunguka muda mrefu kwa sauti moja. Hii inazunguka, inakwaruza, inasimama. Anarudisha wenzo mahali pake, anashika ncha ya mshipi na kuuvuta polepole. Mshipi unakwama, unaruka, unakwama tena, unaruka.

“Hii imelala na nyota imekazwa,” anamwambia kijana aliyekaa ng'ambo ya meza, mtoto wa dada yake anayejifunza kazi. “Msimu mzima.”

Nyota ni kile kishikio cha pembe tano kilicho chini ya mkono wa rili. Ndicho kinachokaza na kulegeza breki. Fundi anachukua penseli na kuandika neno moja kwenye utepe: breki.

Malindi wanapozungumzia uvuvi wa aina hii hupenda kumtaja Ernest Hemingway, aliyevua katika bahari hii mwaka 1934. Mimi, kila ninapoingia chumba hiki, humfikiria zaidi Otto Henze. Alikuwa Mjerumani aliyehamia Marekani, akafanya kazi katika kiwanda cha rili cha Ocean City mjini Philadelphia, kisha mwaka 1932, katikati ya miaka ile migumu ya kuporomoka kwa uchumi, akaanzisha kiwanda chake mwenyewe katika mji huo huo na kukiita Penn. Senator ilitoka mwaka 1936. Kwa miongo mingi baada ya hapo haikubadilishwa sana, na hapo ndipo ninapomvulia kofia. Kila kipande kilipewa namba, ya kwanza ikiwa ya kipande na ya pili ikiwa ya rili: 5 ni gia kubwa, 6 ni washa ya msuguano, 10 ni nyota, 29 ni spuli. Anayetaka gia kubwa ya rili hii anaagiza 5-114, basi. Henze na watu wake walitengeneza kitu wakijua kwamba siku moja mtu asiyewajua, mahali wasipopajua, atakifungua kwa bisibisi.

Mshipi wa zamani unatolewa wote. Kijana anauvuta na kuukunja kwenye kibao, mita mamia, na Fundi anautazama ukipita kwa sababu mshipi nao una habari zake. Huu ni wa nailoni, umepauka kwa jua, na sehemu ya ndani kabisa imebana mno kwenye spuli. Nailoni hunyumbuka ikivutwa na samaki; ikikunjwa ingali imenyumbuka, hutaka kurudi kwenye urefu wake, na mizunguko mamia kwa mamia inayotaka kurudi kwa pamoja huibana spuli kwa nguvu ya ajabu. Spuli za plastiki hupasuka kwa mbano huo. Ndiyo maana rili za kazi nzito zina spuli za chuma, na ndiyo maana Fundi anapitisha ukucha kwenye kingo zote mbili za spuli hii kutafuta kama zimetanuka. Hazijatanuka. Kabla ya nailoni kujulikana, mwishoni mwa miaka ya 1930, mishipi ilikuwa ya kitani, na kila jioni mvuvi alilazimika kuutoa mshipi wote kwenye rili na kuuanika, la sivyo ungeoza.

Sasa skurubu. Hapa ndipo rili nyingi za zamani huharibiwa na watu wenye nia njema. Vichwa vya skurubu za Penn vina mfuo mwembamba, na bisibisi ya dukani huwa ama nene mno ama imepinda ncha. Inateleza, inauma kingo za mfuo, na baada ya hapo skurubu haishikiki tena. Bisibisi za Fundi amezinoa mwenyewe kwa tupa, moja baada ya nyingine, mpaka ncha ya kila moja ijaze mfuo wa skurubu yake bila kupwaya. Kabla ya kugusa chochote anachokonoa chumvi iliyoganda ndani ya mfuo kwa sindano ya kushonea. Kisha anasimamisha bisibisi wima, anaegemeza uzito wa bega juu yake, na kugeuza kidogo tu. Skurubu ndogo inayofunga mkono wa rili inatoka. Nati ya mkono inafuata kwa spana bapa, kisha mkono wenyewe, kisha nyota, inayofunguka kwa kuzungushwa kinyume mpaka iachie nyuzi zake.

Skurubu za bamba la kulia zinaachia zote isipokuwa moja.

“Mjomba, hii imegoma.”

“Iache. Tia mafuta ya taa, ifunike.”

Kijana anadondosha mafuta kuizunguka, anafunika kwa kitambaa, na rili inawekwa rafuni. Kazi inahamia kwenye rili nyingine kana kwamba hakuna kilichotokea. Kesho yake Fundi anaigonga ile skurubu mara kadhaa kwa nyundo ndogo, kwa upole, ili mtikisiko uyapeleke mafuta ndani. Haifunguki. Anaongeza mafuta. Kesho kutwa anagusisha ncha ya pasi ya kulehemu juu ya kichwa chake, muda wa kutosha chuma kipate moto bila joto kufika kwenye bakelaiti, anasubiri ipoe, anajaribu. Inalia kidogo, inageuka. Uso wa Fundi haubadiliki. Anaiweka skurubu kwenye shuka, mahali alipokuwa ameiachia nafasi katika safu tangu siku ya kwanza.

Nimewaona mafundi wengi wenye nguvu na wengi wenye vifaa bora kuliko hivi. Sijaona wengi wanaoweza kuiacha skurubu moja ilale siku mbili bila kuona kwamba wameshindwa.

Bamba la kulia likitoka, spuli inavutwa nje kwa mikono miwili. Halafu bamba lenyewe linageuzwa kifudifudi na skurubu nne ndogo zinafunguliwa. Hizi zinashikilia lile wanaloliita daraja, kipande cha chuma kinachobeba karibu kila kitu kinachofanya kazi: gia kubwa, mhimili wake, washa za breki, kizuizi na springi yake. Kando yake kuna gia ndogo inayoshikana na spuli, na vispringi viwili vinavyoisukuma ikae mahali pake. Vispringi hivyo vina tabia ya kuruka. Kijana anaweka kiganja juu bila kuambiwa, daraja linainuliwa chini ya kivuli cha kiganja, na vispringi vinabaki. Kila kinachotoka kinalazwa kwenye shuka kwa utaratibu wa kutoka kwake, kuanzia kushoto kwenda kulia, uso uliokuwa juu ukiendelea kuwa juu. Fundi hapigi picha, hachori. Safu yenyewe ndiyo kumbukumbu yake.

Kisha anafika kwenye breki, na anavuta taa karibu.

Gia kubwa imechongwa shimo pana upande mmoja, na ndani ya shimo hilo mmepangwa washa za aina tatu. Kuna za chuma ambazo tundu lake la katikati lina pande bapa. Hizi zimeshikwa na mhimili wa mkono wa rili na huzunguka nao. Kuna za chuma zenye masikio mawili yanayoingia kwenye nafasi zilizochongwa ukingoni mwa gia. Hizi huzunguka na gia. Na baina ya chuma na chuma kuna washa laini za msuguano. Ukikaza nyota, tabaka zote hubanwa pamoja, na ukizungusha mkono gia inafuata. Samaki akivuta kupita nguvu ya mbano huo, gia hugeuka kinyume pamoja na washa zake zenye masikio, na zile za mhimili zinabaki zimesimama, kwa sababu kile kizuizi chenye springi hakiruhusu mhimili urudi nyuma. Mshipi unatoka na mkono wa rili hausogei hata kidogo. Aliyewahi kufungua klachi ya gari ataelewa mara moja.

Haikuwa hivi tangu mwanzo. Rili nyingi za karne ya 19 na miaka ya mwanzo ya karne ya 20, hata zile nzuri za ukoo wa vom Hofe wa New York, zenye mabamba ya mpira mgumu mweusi na fremu za aloi ya nikeli, zilikuwa na mkono ulioungana moja kwa moja na spuli. Samaki mkubwa akikimbia, mkono ulizunguka kinyume kwa kasi na kuvunja vidole. Breki ilikuwa kipande cha ngozi kilichoning'inia juu ya spuli, mvuvi akikigandamiza kwa kidole gumba. Mvuvi mmoja Mmarekani, William Boschen, akawa na wazo la breki ya ndani, na Julius vom Hofe wa Brooklyn akamtengenezea. Mwaka 1913, karibu na kisiwa cha Catalina huko California, Boschen akamtoa kwa rili hiyo samaki upanga wa ratili 358, yaani kilo 162 hivi, wa kwanza wa aina yake kupatikana kwa fimbo na rili. Nyota iliyo kwenye Senator ya Malindi inatokana na rili ile.

Fundi anatoa washa moja moja kwa ncha ya kibano. Za msuguano, ambazo katika rili za awali zilikuwa ngozi iliyolowekwa mafuta, katika rili hii ni za nyuzi zilizogandamizwa. Zimekauka, zimeng'ara, na mbili zimenasa kwenye chuma. Anazibandua kwa wembe, akiulaza wembe bapa ili usikwaruze. “Ona,” ananiambia, akinipa washa ya chuma. “Usiitazame, mwanangu. Ipitishe kidole.” Jicho langu lilikuwa limeona duara safi. Kidole kikakuta sehemu mbili zilizoinuka kidogo sana, pale washa ilipokaa imebanwa miezi mingi juu ya ile iliyonasa. Huko ndiko kulikotoka ule mkwamo na mruko.

Analaza kipande cha msasa laini kabisa juu ya kioo cha dirisha kilichovunjika, kwa sababu kioo ni bapa kuliko meza yoyote, anadondosha mafuta, na kuanza kuisugua washa kwa kuizungusha umbo la namba nane. Anasugua, anafuta, anapitisha kidole, anasugua. Redio ya jirani inamaliza taarifa ya habari na kuingia kwenye muziki. Washa ya pili. Washa ya tatu. Hapana mtu atakayewahi kuviona vyuma hivi baada ya rili kufungwa.

Usafishaji wa vilivyobaki ni kazi ndefu isiyohitaji maneno mengi. Grisi ya zamani, iliyogeuka ngumu na kahawia, inalainika kwenye mafuta ya taa na kuondoka kwa mswaki. Kutu ya kijani ya shaba inatolewa kwa siki iliyopunguzwa kwa maji, na hapa saa inatazamwa, kwa kuwa siki ikiachwa muda mrefu huanza kuila shaba yenyewe. Kila kipande kinasuuzwa kwa maji baridi yasiyo na chumvi, kinafutwa, kinaachwa kikauke. Beringi zinazungushwa karibu na sikio, moja inarudishwa kwenye mafuta ya taa, inasikilizwa tena.

Gia inakaguliwa jino kwa jino. Meno ya gia yakichoka hayakatiki ghafla. Yanapoteza pembe zake kwanza, na ukitazama kwa ubavu utaona mstari mwembamba unaong'aa upande mmoja. Haya bado mazima. Kizuizi kimelika kidogo nchani, na Fundi anakibadilisha bila kujadili, maana kizuizi kikishindwa samaki akiwa mbioni mkono wa rili utarudi nyuma na kumvunja mtu kidole kama siku za kabla ya Boschen. Kipuri kinatoka kwenye mkebe wa biskuti uliojaa viungo vya rili zilizokufa. Kuna rili hapa zimekufa mara moja na kufufua nyingine tano.

Bamba la kushoto lina ufa mdogo unaoanzia kwenye tundu la skurubu. Bakelaiti, ambayo Leo Baekeland aliivumbua Marekani mwaka 1907, haipindi, hailiwi na chumvi, haiyeyuki kwa joto; lakini haivumilii nguvu, na ukikaza skurubu kupita kiasi inapasuka. Kijana anauliza kama watie gundi. Fundi anakataa. Gundi itaonekana nzuri mezani, asema, na itafunguka baharini. Anatafuta bamba lingine mkebeni, anakuta lenye rangi iliyofifia kuliko la mwenzake, na analisugua kwa mafuta mpaka weusi urudi. Si sawa kabisa na lile la kulia. Anaridhika nalo.

Kuhusu kromu, kuna watu wanaopeleka rili za zamani Nairobi au ng'ambo zikapakwa upya, zirudi ziking'aa. Pete za rili hii zina vitobotobo vidogo ambamo chumvi iliingia chini ya kromu na shaba ikachungulia. Fundi anasafisha vitobo, anapaka nta, anaacha. Nami nakubaliana naye. Kromu mpya huongeza unene kwenye sehemu zilizopimwa kukaana kwa nafasi ndogo mno, na kung'arisha kabla ya kupaka hula kingo za herufi zilizochorwa kiwandani. Rili ya kabatini na ipakwe. Hii inarudi kazini.

Kuunga ni kufuata safu ya shuka kutoka kulia kwenda kushoto. Grisi inapakwa nyembamba kila mahali chuma kinapokutana na chuma tofauti, na kwenye nyuzi za kila skurubu, hata zile zisizobeba uzito; chumvi haina pa kuingia ikiwa nafasi imekwisha jazwa. Beringi zinapewa tone moja la mafuta mepesi, si zaidi, kwa sababu mafuta mengi huizuia spuli isizunguke kwa wepesi. Washa mpya za msuguano ni za nyuzi za kaboni, zinazovumilia joto ambalo ngozi haikulivumilia. Fundi anazisugua na grisi maalumu kidogo sana, kisha anaifuta, ikabaki kama haipo. Anazipanga: laini, chuma, laini, chuma, akitikisa kila moja mpaka iketi. Nyota inarudi, mkono unarudi, skurubu zinakazwa kwa zamu, hii kidogo na ile iliyo mkabala wake kidogo, mpaka bamba likae sawa bila kubanwa kona.

Mshipi mpya, wenye uwezo wa ratili 50, unapitishwa kwenye kitambaa kilicholowa maji na kukunjwa ukiwa umevutwa ipasavyo. Halafu rili inafungwa kwenye jiliwa, ncha ya mshipi inafungwa kwenye mizani ya springi, na kijana anarudi nyuma kuelekea mlangoni, hatua moja moja, akivuta. Fundi anaangalia mshale. Kanuni ya wavuvi ni kuweka breki kwenye robo hadi theluthi ya nguvu ya mshipi. Anaipeleka kwenye ratili 15. Lakini namba hiyo si anachokitafuta. Anatafuta mshale uliotulia. Breki mbaya huhitaji ratili 20 kuanza kuachia na 12 kuendelea, na mshipi hukatika pale mwanzoni, katika ule mshtuko. Kijana anavuta tena kutoka kusimama. Mshale unapanda hadi 15, mshipi unaanza kutoka, mshale unabaki pale pale. Mara ya tatu. Ya nne. Fundi anachovya kijiti kwenye rangi ya kucha nyekundu na kutia doa kwenye ncha moja ya nyota, na jingine kwenye mkono wa rili, yaelekeane. Baharia akiyaona madoa yamekutana, atajua ratili 15 ni hapo.

Kaskazi lilipotulia niliiona rili hiyo kazini. Boti ilivuka mwamba alfajiri, ikaenda nje mpaka maji yakageuka buluu nzito, na mabaharia wakaanza kurambaza, chambo kikikokotwa nyuma ya boti. Rili mpya za breki ya wenzo zilikuwa upande mmoja, ghali na nyepesi kutumia. Senator ilikuwa kwenye kona ya kushoto, mlio wake umewashwa. Sulisuli akaja juu nyuma ya chambo chake, pezi la mgongo likipasua maji. Baharia akaishika fimbo, akaachia spuli, kidole gumba juu ya mshipi, akamwacha samaki ameze. Akarudisha wenzo. Mshipi ukakaza, sulisuli akaruka mwili mzima nje ya maji, akaanguka, akakimbia.

Mvuvi mgeni, samaki akikimbia, mkono wake huenda kwenye nyota kuikaza. Baharia huyu hakuigusa. Mshipi ulikuwa ukitoka kwa sauti moja isiyopanda wala kushuka, na yeye alikuwa akiitazama spuli, jinsi rundo la mshipi lilivyokuwa likipungua. Spuli ikipungua unene, samaki anahitaji kuvuta kwa nguvu zaidi ili kuizungusha, ingawa hakuna aliyegusa kitu. Rundo likifika nusu ya upana wake, uzito unaomvuta huwa umekuwa mara mbili. Kwa hiyo samaki alipokuwa mbali kabisa, baharia akafanya kinyume cha mgeni: akailegeza nyota, kipande kidogo cha mzunguko. Samaki aliposimama, akaanza kukunja. Mkono wa rili ukizunguka mara moja, spuli huzunguka mara mbili na zaidi, na kazi ni ya mgongo na miguu kuliko ya mkono. Kadiri mshipi ulivyorudi akawa anairudisha nyota, mpaka madoa mawili mekundu yakakutana.

Sulisuli alifika ubavuni mwa boti akiwa na nguvu bado. Baharia mwingine akaushika waya wa mwisho, akamtia alama ndogo karibu na pezi kwa ajili ya kumbukumbu za African Billfish Foundation ya Watamu, wakamtoa ndoana na kumshika mdomo boti ikienda polepole, maji yakipita kwenye matamvua yake, mpaka alipojinyoosha na kuzama.

Bandarini mabaharia hawakupiga rili maji ya bomba kwa nguvu, maana nguvu hiyo huisukuma chumvi ndani. Waliimwagia maji baridi kwa kikombe, wakaifuta, wakalegeza nyota kabisa ili washa zilale bila kubanwa.

Nilimpelekea Fundi habari. Hakuuliza samaki alikuwa na uzito gani wala alikimbia umbali gani.

“Ilianza vipi? Mita ya kwanza?”

Nikamwambia sikuona mshtuko wowote. Samaki alivuta, mshipi ukatoka.

“Haya,” akasema. Kisha akauliza kama boti ile bado ina ile 4/0 yao, na kama mkono wake unapwaya bado.